Alba Fucens: mwongozo kamili wa kuzuru kijiji cha magofu na makanisa ya kale katikati ya Italia

Wengi wetu tukienda Italia tunashika njia ileile: Roma siku tatu, Firenze, Venezia, kisha uwanja wa ndege. Sina neno na safari hiyo. Lakini kiasi cha kilomita mia moja mashariki ya Roma, chini ya Monte Velino, mlima wenye urefu wa karibu mita 2,500, kuna kijiji kidogo kiitwacho Albe. Ni kitongoji cha Massa d'Albe, mkoani Abruzzo. Pembeni ya nyumba zake chache umelala mji mzima wa Kirumi, Alba Fucens, na juu ya kilima limesimama kanisa la karne ya 12 lililojengwa ndani ya hekalu la Apollo, mungu wa Wagiriki na Warumi. Foleni hakuna. Asubuhi ya siku ya kazi unaweza kuwa na barabara nzima ya Kirumi peke yako, wewe na mijusi.

Nimefika huko mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda Jumapili, bila kumpigia mtu simu. Basi la kupanda kijijini sikulipata, nikalipa teksi, na nilipofika juu ya kilima nikaukuta mlango wa kanisa umefungwa. Nilizunguka kuta mara tatu kisha nikashuka. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kuanzia kwenye ufunguo. Ukishaupata, mengine yote yanapangika.

Kabla ya yote, ujue unakwenda kuona nini

Usiende bila hadithi kichwani, maana magofu hayasemi na mtu asiyejua la kuyauliza.

Warumi walianzisha mji huu mwaka 303 KK kwenye ardhi waliyowanyang'anya Waequi, kabila la wenyeji, wakawapeleka walowezi 6,000. Waliuzungushia ukuta wa karibu kilomita tatu, wa mawe makubwa yenye pembe nyingi yaliyopangwa bila chokaa. Vipande virefu vya ukuta huo bado vimesimama. Mahali penyewe palichaguliwa kwa hesabu: njia kuu ya Via Valeria kutoka Roma ilipita katikati ya mji, na chini yake lilitandaa ziwa Fucino, mojawapo ya maziwa makubwa kabisa ya Italia. Neno «Fucens» kwenye jina la mji limetokana na ziwa hilo.

Kwa kuwa mji ulikuwa mbali na bahari na wenye ngome imara, Roma iliufanya pia gereza la wafalme. Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Kiafrika atulie kidogo. Syphax, mfalme wa Numidia, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Algeria, alitekwa mwaka 203 KK katika vita vya Roma na Karthago. Aliletwa Alba, kisha akahamishiwa Tivoli, na huko akafa. Baada yake aliletwa Perseus, mfalme wa mwisho wa Makedonia, aliyeshindwa mwaka 168 KK, naye alifia hapahapa. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba mwanawe Alexander alikulia utumwani, akajifunza ufundi wa kutengeneza vitu vidogo vya chuma na kuandika Kilatini, mwishowe akawa karani wa maofisa wa Kirumi. Mtoto wa mfalme akawaandikia barua waliomteka baba yake. Ukiwa umesimama barabarani pale, fikiria miguu iliyoyakanyaga mawe hayo.

Mji ulipodhoofika, watu walipanda kilima cha kaskazini na kujenga kijiji chenye ngome, na watawa wa Kibenediktini wakashika kanisa la kilima cha pili. Kijiji hicho kiliishi hadi asubuhi ya Januari 13, 1915, tetemeko la ardhi lilipoipiga Avezzano na bonde zima, watu wapatao 30,000 wakapoteza maisha. Albe ya kilimani ikaanguka yote. Nyumba unazoziona leo zilijengwa chini yake baadaye. Unazuru basi miji miwili iliyokufa na kijiji kimoja kilicho hai, vyote ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Hatua ya kwanza: viza na makaratasi

Hapa nitapita haraka. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Omba kwa Italia ikiwa ndiko utakakokaa siku nyingi zaidi, na omba ukiwa katika nchi unayoishi kihalali. Aliyeko Muscat au Dubai kwa kibali cha ukaazi ataombea hukohuko. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakie hai walau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki za mwisho, maana nafasi za miadi hujaa.

Jambo moja dogo lenye faida: ukiwa na nafasi ya chumba Avezzano, iingize kwenye ratiba unayopeleka ubalozini pamoja na ile ya Roma. Ratiba iliyonyooka, yenye majina ya mahali na tarehe, humtuliza ofisa.

Hatua ya pili: msimu na siku ya wiki

Albe iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Januari kuna theluji na mawe yanateleza. Agosti kuna jua kali na bondeni hakuna kivuli. Nenda Mei, Juni, Septemba au mwanzo wa Oktoba. Mei, Velino huwa bado na theluji kileleni huku maua mekundu ya mipopi yamechanua kati ya mawe. Beba sweta hata hivyo, kwani jioni upepo wa mlimani haumwonei haya mgeni.

Epuka Jumapili na sikukuu kama unategemea basi. Ukienda Julai au Agosti, kumbuka kwamba uwanja wa kale wa michezo hutumika kwa matamasha ya usiku, na unaweza kukuta vyuma vya jukwaa katikati ya picha yako.

Hatua ya tatu: utafute ufunguo

Eneo la magofu ni la wazi na kwa miaka mingi watu wameingia bila kiingilio. Kanisa la San Pietro ni habari nyingine. Mara nyingi hufungwa, na hufunguliwa kwa miadi au mgeni akiwa na mwongozaji wa mahali hapo. Angalau wiki moja kabla, piga simu au andika kwa manispaa ya Massa d'Albe, au mwombe mwenye nyumba ya wageni utakayolala akuulizie. Njia hii ya pili ndiyo iliyonifaa mimi. Vijijini Italia, kama kwetu, simu moja ya mtu anayefahamika inashinda barua pepe kumi.

Kiingereza huko si cha kutegemea. Nakili sentensi hii, badilisha tarehe na saa tu: «Buongiorno, vorrei visitare la chiesa di San Pietro in Albe. È possibile martedì 14 alle dieci?» Maana yake: habari za asubuhi, ningependa kutembelea kanisa la San Pietro in Albe, je, inawezekana Jumanne tarehe 14 saa nne asubuhi? Angalia hapo: saa kumi yao ndiyo saa nne yetu. Nimeona Mswahili mwenzangu akikosa miadi kwa sababu hiyo tu.

Aliyekufungulia amepanda kilima kwa ajili yako. Akikataa malipo, toa sadaka kwenye kisanduku cha kanisa kama kipo, au mwalike kahawa mkishashuka.

Hatua ya nne: kufika

Kutoka Roma, nenda stesheni ya Tiburtina. Hapo una njia mbili: treni ya mkoa ya kuelekea Avezzano, inayochukua kama saa mbili na kupita mabonde mazuri, au basi kutoka kituo cha mabasi kilicho jirani, ambalo kwa kawaida hufika mapema zaidi. Ukiwa na tiketi ya treni ya karatasi, igonge muhuri kwenye kimashine kilicho stesheni kabla ya kupanda. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na faini haitazami ugeni wako.

Avezzano ni mji wa kisasa kwa sababu ya lile tetemeko. Hautakuvutia kwa macho, lakini una vyumba, maduka na teksi. Kutoka hapo hadi Albe ni kama kilomita nane. Mabasi ya Massa d'Albe ni machache na hufuata zaidi ratiba ya wanafunzi, kwa hiyo uliza saa ya basi la kurudi kabla hujapanda la kwenda. Mkiwa watu watatu au wanne, gari la kukodi linafaa kuliko yote, hasa kama mnataka kufika Rosciolo ninayoitaja mbele. Dereva awe na leseni ya kimataifa pamoja na ile ya nyumbani. Ukitumia teksi, patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya mlango kufungwa, na andika saa ya kurudi kwenye karatasi umpe dereva.

Hatua ya tano: tembea kwa mpangilio huu

Wageni wengi huanzia kwenye mawe ya bondeni wakachoka kabla ya kanisa. Mimi nakushauri uanzie juu. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, jaza chupa ya maji, na tenga saa nne.

Panda kwanza kwenye kijiji kilichoanguka, kilima cha San Nicola, penye mabaki ya ngome ya ukoo wa Orsini. Nenda taratibu, usipande juu ya kuta. Nyingine zimesimama kwa kuegemeana tu. Ukifika juu, geuka. Mbele yako kuna vilima vitatu na bonde katikati, na bondeni umechorwa mji: barabara mbili zilizonyooka, sambamba, na vyumba vya mawe kati yake. Mbali zaidi utaona uwanda tambarare wenye mashamba ya viazi na karoti. Lile ndilo ziwa Fucino. Kaisari Klaudio alichimba handaki la zaidi ya kilomita tano kupunguza maji yake, likazinduliwa mwaka 52 BK. Baada ya karne nyingi handaki lilikuwa limeziba na maji yamerudi, hadi Alessandro Torlonia, tajiri wa Roma mwenye cheo cha prinsi, alipolikausha ziwa lote katika karne ya 19. Jina la mji linataja ziwa ambalo halipo tena.

Sasa shuka. Ingia upande wa kaskazini-magharibi, penye uwanja wa mikutano ya wananchi, kisha ufuate Via Valeria kuelekea kusini-mashariki. Utapita basilika. Usitafute altare humo: kwa Warumi basilika lilikuwa ukumbi wa mahakama na biashara, na Wakristo walikuja kuazima ramani yake baadaye. Nyuma yake kuna soko, na utalitambua kwa umbo lake la duara. Kisha hamamu, na mwishoni ua mrefu wa patakatifu pa Hercules. Sanamu kubwa ya Hercules iliyofukuliwa hapo sasa iko katika jumba la makumbusho la Chieti. Wataalamu wa Kibelgiji ndio walioanza kuufukua mji huu kwa utaratibu mwaka 1949. Kabla ya hapo watu walilima juu yake.

Usiyapite haraka mawe ya barabara. Chuchumaa. Ni ya chokaa, meupe, yamelainika kama sabuni iliyotumika, na pembeni kuna vibaraza vya waenda kwa miguu. Kwenye vizingiti vya maduka utaona mfereji mwembamba uliochongwa: humo ndimo mbao za mlango zilimokuwa zikisukumwa asubuhi na kufungwa jioni. Weka kidole ndani ya mfereji huo. Kwangu mimi kizingiti kimoja cha duka kinaeleza maisha ya Warumi kuliko sanamu nyingi za wafalme wao. Tafuta pia jiwe la maili lenye namba LXVIII, yaani maili 68 za Kirumi kutoka Roma, kama kilomita mia.

Kutoka bondeni fuata njia ya kusini-magharibi hadi uwanja wa duara wa michezo, uliochimbwa kwenye ubavu wa kilima. Lango lake lina maandishi ya Kilatini yanayomtaja Naevius Sutorius Macro, mkuu wa walinzi wa Kaisari Tiberio. Alikuwa mtu wa eneo hili na aliacha wasia uwanja ujengwe kwa mali yake. Caligula, Kaisari aliyemfuata Tiberio, alimlazimisha ajiue mwaka 38 BK. Simama katikati useme neno kwa sauti ya kawaida, mwenzako akiwa amekaa juu kabisa, atalisikia.

Nyuma ya uwanja njia inapanda hadi San Pietro. Panga ufike kwenye miadi yako ukiwa umetangulia robo saa, ili uzunguke kuta kwanza. Chini utaona mawe makubwa ya hekalu, yaliyokatwa sawasawa. Juu yake mawe madogo ya Zama za Kati. Mahali yanapokutana panaonekana kama mshono wa nguo iliyounganishwa na mafundi wawili.

Ndani, mpe macho muda wa kuzoea kiza. Safu mbili za nguzo za kale zenye vichwa vya majani zinagawa kanisa. Nguzo hizi zilianguka mwaka 1915, zikarudishwa mahali pake katika ukarabati wa miaka ya 1950. Kisha sogea kwenye mimbari na ule ukuta mfupi wa marumaru unaotenga altare na waumini. Ni kazi ya mafundi wa Roma wa karne ya 13, waliojaza marumaru nyeupe kwa vipande vidogo vya rangi, vingine vidogo kuliko ukucha, vikipangwa kuwa nyota, pembe na mizunguko. Waliandika hata majina yao, Giovanni na Andrea. Mafundi wa aina hii walipata mawe yao kwa kukatakata nguzo za majengo ya zamani. Lile jekundu lenye zambarau, porfiri, Warumi walilichimba katika jangwa la mashariki mwa Misri. Sikujua hilo mara ya kwanza nilipoona kazi kama hii Roma, na tangu nilipojua siwezi kupita bila kulitafuta jiwe jekundu.

Usipige picha kwa mwanga wa flashi, usiguse nakshi, na uliza kabla ya kukanyaga upande wa altare. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja begani inamaliza tatizo hilo kwa wanawake na haichukui nafasi kwenye mkoba.

Hatua ya sita: kanisa la pili, Rosciolo

Mwenye gari asiondoke bila kufika Santa Maria in Valle Porclaneta, nje kidogo ya kijiji cha Rosciolo dei Marsi, chini ya mlima uleule wa Velino. Ni kanisa la karne ya 11, dogo, la mawe ya rangi ya mkate, limesimama peke yake mwisho wa barabara. Mimbari yake ilichongwa mwaka 1150 na mafundi Roberto na Nicodemo. Kule Albe uliona marumaru iliyopangwa kwa hesabu. Hapa kuna michongo iliyojaa uhai, watu, wanyama na majani yaliyosokotana hadi huoni mwanzo wake. Ufunguo nao uulizie mapema, kijijini Rosciolo.

Tahadhari moja ya dhati: malishoni utakutana na kondoo wanaolindwa na mbwa wakubwa weupe. Kazi yao ni kupambana na mbwamwitu, na hawatanii. Usipite katikati ya kundi, usikimbie, usirushe jiwe. Zunguka mbali, ukitembea polepole.

Chakula na adabu za kijijini

Abruzzo wana arrosticini: nyama ya kondoo iliyokatwa vipande vidogo sana, ikatungwa kwenye vijiti vyembamba na kuchomwa juu ya jiko refu, jembamba kama mfereji. Ni mishikaki kwa jina lingine, chumvi tu, bila pilipili, na huagizwa kumi-kumi. Mwislamu ajue kwamba nyama hiyo kwa kawaida si ya kuchinjwa kihalali, na nguruwe huingia hata kwenye mchuzi wa tambi. Sema «senza maiale», yaani bila nguruwe, au agiza mboga, jibini na dengu. Jikoni hufungwa mchana, kati ya saa tisa na saa moja jioni, kwa hiyo kula mapema au beba mkate. Kwenye bili utaona neno «coperto»: ni malipo madogo ya kukaa mezani, si wizi.

Ukiingia dukani au baa, salimu kwanza. «Buongiorno» kabla ya ombi lolote. Wazee wa Albe watakukodolea macho, kisha watakuuliza umetoka wapi. Wajibu kwa utulivu. Mara nyingi huo ndio mwanzo wa mtu kukuonyesha jiwe ambalo hakuna kibao kinachokuelekeza.

Ukibakiza nusu siku

Siku ya kuondoka, panda treni kutoka Avezzano hadi Celano, safari fupi kwenye reli ileile ya kuelekea Sulmona, kisha upande mjini hadi ngome ya Piccolomini. Hakikisha mapema siku za kufunguliwa. Ndani yake kuna makumbusho ya sanaa takatifu ya eneo hili, na huko ndiko iliko milango ya mbao ya kale ya San Pietro, ya karne ya 12, iliyochongwa paneli kwa paneli. Mlango ulioingilia kule kilimani ulikuwa mbadala tu. Hii ndiyo yenyewe, na kuitazama huhitaji miadi na mtu yeyote.